Hata chuma huchoka: Jinsi ufa mdogo ulivyoangusha ndege mbili

MTOTO yeyote aliyewahi kuunda gari la waya anaujua ujanja huu. Akitaka kuukata waya na hana koleo, huukunja mahali pamoja, akaukunjua, kisha akaukunja tena upande wa pili. Mwanzoni waya hutii bila taabu. Baadaye huwa mgumu kidogo. Ukipagusa pale unapokunjwa utahisi joto. Kisha, ghafla, waya hukatika mikononi mwake.

Ajabu ni kwamba mtoto huyo hakuongeza nguvu yoyote mara ile ya mwisho. Nguvu iliyoukata waya ni ile ile ambayo waya uliistahimili mwanzoni bila kulalamika.

Wahandisi wana jina la hali hiyo. Husema kwamba waya umechoka. Naam, chuma huchoka kama anavyochoka punda. Tofauti ni kwamba punda akilala usiku huamka na nguvu mpya, ilhali uchovu wa chuma hautoki kwa kupumzishwa. Hujilimbikiza kimya kimya, siku baada ya siku, hadi siku ya siku.

Hilo si jambo la watoto na magari yao ya waya pekee. Ndilo huvunja pedali ya baiskeli, mpini wa kikaango na springi za matatu. Na ndilo lililoziangusha baharini ndege mbili za abiria mwaka wa 1954 na kuwaua watu 56, wakati ambapo ndege hizo zilikuwa fahari ya dunia nzima.

Kuzielewa ajali hizo, msomaji mpendwa, ni kuuelewa msemo ambao wahenga walituachia zamani, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kunyooka, kupinda, kuvunjika

Kila kitu kinachobeba mzigo hubadilika umbo, hata kama macho hayaoni. Lori likipita juu ya daraja, daraja hushuka kidogo. Ukikaa juu ya kiti cha mbao, miguu yake hufupika kwa kiasi kidogo mno. Hata jiwe na kioo hufanya hivyo.

Mwingereza Robert Hooke alieleza kanuni ya jambo hili mwaka wa 1678. Alisema kwamba mzigo ukiongezwa maradufu, springi nayo hunyooka maradufu, na mzigo ukiondolewa springi hurudi ilivyokuwa. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza, ambayo twaweza kuiita hatua ya kurudi. Madaraja, nyumba na magari yote hujengwa ili yaishi katika hatua hiyo.

Ukizidisha mzigo, kitu huingia hatua ya pili. Kijiko cha alumini kikipindwa sana hubaki kimepinda. Mlango wa gari uliogongwa haurudi wenyewe hadi fundi aunyooshe kwa nyundo. Hapa chuma kimevuka mpaka wake na kupokea umbo jipya.

Hatua ya tatu ni kuvunjika, na hapa ndipo vitu vinapotofautiana kama watu. Jaribu kupinda msumari, kisha jaribu kupinda chaki. Msumari utapinda sana kabla ya kukatika, ukikuonyesha wazi kwamba unaonewa. Chaki haina hatua ya pili. Inatoka katika uzima hadi vipande viwili bila kukuaga.

Wahandisi hupenda vitu vyenye tabia ya msumari kuliko vyenye tabia ya chaki, na sababu yao si nguvu peke yake. Kioo kikibanwa kutoka pande zote mbili hubeba mzigo mkubwa ajabu. Lakini msumari una sifa moja ambayo chaki na kioo havina. Hutoa onyo kabla ya kuvunjika.

Tena tabia hiyo yaweza kubadilika. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Marekani iliunda meli za mizigo zipatazo 2,700 za aina ya Liberty, na kuunganisha mabamba yake kwa kuyachomelea badala ya kuyapigilia ribiti. Baadhi ya meli hizo zilianza kupasuka, hasa katika bahari zenye baridi kali. Mnamo Januari 16, 1943, meli nyingine ya mafuta iliyoitwa Schenectady, iliyochomelewa vivyo hivyo, ilipasuka karibu vipande viwili huko Portland, Oregon, ikiwa imetulia gatini bila dhoruba yoyote.

Mwanamke mmoja mtaalamu wa metali katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Constance Tipper, ndiye aliyeonyesha kiini cha jambo hilo. Chuma kilichotumiwa kilikuwa na tabia ya msumari penye joto, lakini kikipoa kupita kiwango fulani kiligeuka kuwa na tabia ya chaki. Na kwa kuwa mabamba yalikuwa yamechomelewa kuwa kitu kimoja, ufa ulioanza mahali pamoja haukupata pa kusimamia.

Leso na mkasi

Sasa twende dukani. Tazama muuzaji wa vitambaa anapokupimia mita mbili. Hakati kitambaa chote kwa mkasi. Hukata kijitundu kidogo pembeni, akashika pande mbili, akavuta. Kitambaa hupasuka moja kwa moja, kimenyooka kama uzi. Bila kile kijitundu angevuta hadi jasho limtoke.

Fundi wa vioo naye hufanya vivyo hivyo. Haikati dirisha lako kwa kusukuma kisu hadi upande wa pili. Hukwaruza mstari mwembamba juu ya kioo, kisha hukibana kidogo, nacho hukatika papo hapo pale penye mkwaruzo.

Siri ya hawa wawili ni moja. Mzigo unaopita ndani ya kitu ni kama abiria wanaoteremka kwenye basi lenye milango miwili. Mlango mmoja ukifungwa, abiria hawapungui. Wote husongamana kwenye ule mmoja uliobaki. Vivyo hivyo, penye tundu au ufa mzigo hauwezi kupita, kwa hivyo huuzunguka na kusongamana kwenye ncha yake.

Mwaka wa 1913 Mwingereza Charles Inglis alipiga hesabu ya msongamano huo. Hesabu yake ilionyesha kwamba tundu la mviringo katikati ya bamba lililovutwa hufanya mkazo ulio ukingoni mwa tundu kuwa mara tatu ya ule ulioko kwingine. Tundu likiwa jembamba na lenye ncha kali, mkazo huongezeka zaidi na zaidi. Maana yake ni kwamba ufa mwembamba kama unywele ni hatari kuliko tundu kubwa la mviringo.

Miaka saba baadaye, mnamo 1920, mhandisi A. A. Griffith aliyekuwa akifanya kazi Farnborough, Uingereza, aliongeza jambo jingine la kutisha. Alieleza kwamba ufa ulio mfupi waweza kutulia, lakini kuna urefu ambao ukiufikia, hauhitaji tena kusukumwa. Hukimbia wenyewe.

Ndiyo maana fundi hodari akiona ufa kwenye bati nene la chombo, huanza kwa kutoboa tundu dogo la mviringo kwenye ncha yake. Asiyejua atadhani anaharibu. Kumbe anaiondoa ile ncha kali ili msongamano upungue na ufa usite.

Ndege iliyotua Entebbe

Mnamo Mei 2, 1952, ndege aina ya Comet, iliyoundwa na kampuni ya de Havilland ya Uingereza, ilipaa kutoka London ikiwa na abiria kuelekea Johannesburg. Ilikuwa safari ya kwanza duniani ya abiria wa kulipa kwa ndege ya jeti. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone kabla ya kufika mwisho wa safari. Kwa hivyo watu wa Afrika Mashariki walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza ulimwenguni kuiona ndege ya namna hiyo ikishuka kwa ratiba ya kawaida.

Ilikuwa ndege ya kupendeza. Haikuwa na rafadha za kutetemesha abiria. Ilipaa juu zaidi ya futi 35,000, yaani maradufu ya kilele cha Mlima Kenya, mahali ambapo hakuna dhoruba nyingi.

Lakini huko juu hewa ni nyembamba mno, na binadamu hawezi kupumua. Kwa hivyo chumba cha abiria kilijazwa hewa kwa pampu. Ndege ilipopaa, mwili wake ulivimba kidogo kama gurudumu linalotiwa pumzi. Iliposhuka, ulinywea tena. Hewa ile ilisukuma kuta kwa nguvu ya karibu tani sita kwa kila mita moja ya mraba, na kuta zenyewe zilikuwa mabati ya aloi ya alumini ambayo sehemu zake nyingi hazikufika unene wa milimita moja.

Mkumbuke tena yule mtoto na waya wake. Kila safari ya Comet ilikuwa kunja moja. Roma, kunja. Beirut, kunja. Khartoum, kunja. Entebbe, kunja.

Mnamo Januari 10, 1954, ndege ile ile iliyofungua safari ya kwanza miaka miwili nyuma, yenye nambari G-ALYP, iliondoka Roma ikielekea London. Hali ya hewa haikuwa mbaya. Ilipokaribia kisiwa cha Elba ilikatika vipande angani na kuanguka baharini. Watu wote 35 walikufa.

Ndege za Comet zilisimamishwa. Wahandisi walikisia huku na huku, wengine wakishuku moto, na wakafanya marekebisho mengi. Mnamo Machi 23 zikaruhusiwa kuruka tena.

Siku 16 tu zilipita. Mnamo Aprili 8, Comet nyingine iliyokuwa ikihudumia shirika la ndege la Afrika Kusini ilitoka Roma kwenda Cairo na kuvunjika vivyo hivyo juu ya bahari karibu na Naples. Watu 21 walikufa. Safari hii Comet zilinyimwa kibali kabisa.

Ndege ndani ya birika

Kazi ya kutafuta ukweli ilipewa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, chini ya mkurugenzi wake Arnold Hall. Wakati jeshi la wanamaji la Uingereza likivua vipande vya ndege kutoka chini ya bahari ya Elba, Hall aliamuru jambo ambalo halikuwa la kawaida. Alichukua Comet nzima nyingine, G-ALYU, akaijengea birika kubwa la maji, mabawa yakitokeza nje kwa ubavuni.

Ndani ya birika, na ndani ya ndege yenyewe, walijaza maji. Kisha wakaongeza maji kwa pampu hadi ndege ikavimba kama inavyovimba angani, wakayapunguza, wakaongeza tena. Mabawa nayo yalipandishwa na kushushwa kwa mitambo. Kazi hiyo iliendelea usiku na mchana, dakika chache zikichukua nafasi ya safari ya saa nyingi.

Huenda msomaji akauliza kwa nini maji na si hewa. Hewa iliyoshindiliwa huhifadhi nguvu nyingi, na mahali ikipasuka hulipuka kama bomu, isibaki kitu cha kuchunguza. Maji hayashindiliki. Chombo kikipasuka, maji huvuja tu na ufa hubaki wazi mahali ulipoanzia.

Ndege hiyo ilikuwa imeruka mara 1,230 kabla ya kuingizwa birikani. Humo ilivimbishwa mara nyingine 1,830. Mwezi Juni 1954, ukuta wake ulipasuka. Wachunguzi walipotazama, waliona kwamba mpasuko ulianzia kwenye kona ya dirisha moja, kandokando ya tundu dogo la ribiti.

Madirisha ya Comet yalikaribia kuwa ya mraba. Kona zake zilikuwa zimezungushwa kidogo, lakini si vya kutosha. Mzigo uliokuwa ukipita ukutani ulizunguka dirisha na kusongamana konani, kama abiria wa basi letu. Vipimo vilionyesha kwamba mkazo wa pale ulifika karibu asilimia 70 ya ule unaoweza kulivunja bati kwa mara moja. Bati lililobanwa kiasi hicho haliwezi kukunjwa mara nyingi mno bila kupasuka.

Ushahidi wa bahari ulikubaliana na wa birika. Katika vipande vya paa la G-ALYP ilionekana kwamba mpasuko ulianza kwenye kona ya tundu la antena juu ya paa. Ndege hiyo ilikuwa imevimba na kunywea mara 1,290. Ile ya pili ilikuwa haijapita mara 900 hivi.

Jaribio lililopotosha

Je, waundaji hawakuijaribu ndege yao? Waliijaribu sana, na hapa ndipo penye funzo kubwa.

Kampuni ilikuwa imechukua kipande cha mwili wa Comet na kukivimbisha takriban mara 18,000 kabla hakijapasuka. Kwa hesabu hiyo, ndege iliyoruka mara 1,290 ilikuwa bado kijana. Mbona basi ikafa mapema?

Kabla ya jaribio hilo, kipande hicho hicho kilikuwa kimetumiwa katika jaribio jingine la nguvu, kikavimbishwa kwa shinikizo maradufu ya lile la angani. Shinikizo hilo kubwa lililivusha bati la kona za madirisha hadi hatua ya pili, ile ya kupinda bila kurudi. Kona zilinyooka kidogo na kubaki hivyo. Shinikizo lilipoondolewa, bati jirani, ambalo lilirudi mahali pake, lilizibana zile kona.

Kona iliyobanwa hivyo haipasuki upesi, kwa sababu kabla ufa haujafunguka ni lazima ule mbano ushindwe kwanza. Kwa hivyo kipande kilichoteswa kilikuwa kimepewa kinga ambayo ndege zilizouzwa hazikuwa nayo. Waundaji walipima uhai wa kitu kimoja na kuuza kingine, nao hawakujua.

Tangu hapo, kipande kinachopimwa nguvu hakitumiwi tena kupimia uchovu. Comet yenyewe ilirudi angani mwaka wa 1958 ikiwa imeimarishwa, na mabati mazito na madirisha ya mviringo. Shirika la East African Airways lilinunua ndege za aina hiyo mpya na kuanza kuzitumia mwaka wa 1960. Leo ukipanda ndege yoyote ya abiria, tazama dirisha lililo karibu nawe. Halina kona. Umbo hilo limegharimu maisha ya watu.

Ufa ulioonekana, shahidi akanyamaza

Baada ya Comet, wahandisi walibadili fikira zao. Badala ya kudhani kwamba ndege haina ufa, walianza kudhani kwamba ufa upo mahali, na kazi yao ni kuupata kabla haujafika ule urefu wa Griffith. Ndege hukaguliwa kwa mawimbi ya sauti, kwa umeme, kwa eksirei na kwa rangi inayopenya kwenye nyufa zisizoonekana.

Hata hivyo, ukaguzi ni kazi ya binadamu. Mnamo Aprili 28, 1988, ndege ya Boeing 737 ya shirika la Aloha ilikuwa angani Hawaii ikiwa na watu 95 wakati sehemu kubwa ya paa lake ilipong'oka. Mhudumu mmoja alinyakuliwa na upepo na kufa. Wengine waliokolewa na mikanda ya viti, na rubani akaitua ndege iliyo wazi kama lori. Ilikuwa imeruka mara 89,680, nyingi zikiwa safari fupi fupi za kati ya visiwa, huku chumvi ya bahari ikiila.

Ripoti ya uchunguzi ina maelezo madogo ambayo ni vigumu kuyasahau. Abiria mmoja, alipokuwa akipanda ndege hiyo, aliuona ufa kwenye mwili wake. Hakumwambia mtu yeyote.

Nyumbani kwetu

Nyumba haipai wala haivimbi. Mara nyingi huanguka kwa sababu nyingine, kama vile msingi uliolowa maji, saruji kidogo kwenye mchanganyiko, vyuma vyembamba au ghorofa zilizoongezwa juu bila hesabu. Lakini kanuni za mzigo ni zile zile, na nyumba nayo hutoa onyo.

Fikiria zege. Ukilibana hubeba mizigo mikubwa, lakini ukilivuta huvunjika kama chaki. Ndiyo sababu ndani yake hutiwa vyuma, ambavyo vina tabia ya msumari. Mhandisi mwema hupima vyuma vya boriti ili mzigo ukizidi, vyuma vinyooke kwanza. Vikinyooka, boriti hushuka na kuonyesha nyufa, na watu hupata nafasi ya kutoka. Hiyo ni sauti iliyowekwa ndani ya jengo kwa makusudi. Mjenzi anayeiba vyuma haibi nguvu peke yake. Huiba na lile onyo.

Na onyo likitolewa lahitaji msikilizaji. Mnamo Aprili 23, 2013, nyufa kubwa zilionekana katika jengo la Rana Plaza huko Bangladesh, lililokuwa na viwanda vya nguo. Mhandisi alilikagua na kusema si salama. Benki na maduka ya ghorofa za chini yakafungwa. Wafanyakazi wa viwanda waliamriwa kurudi kazini asubuhi iliyofuata, wengi wakiogopa kupoteza mishahara. Jengo liliporomoka asubuhi hiyo, na watu 1,134 wakafa.

Hapa kwetu, jengo la Huruma, Nairobi, lilianguka usiku wa Aprili 29, 2016, mvua kubwa ikinyesha, na kuua watu wapatao 50. Lilikuwa tayari limetiwa alama ya kubomolewa. Watu walikuwa bado wanaishi ndani yake na kulipa kodi.

Je, kila ufa ni wa kukimbiwa? La. Nyufa nyembamba zilizotapakaa juu ya plasta kama utando wa buibui aghalabu hutokana na plasta ilivyokauka. Hizo haziangushi nyumba.

Zipo za kuangaliwa kwa makini. Tazama kona za madirisha na milango yako. Mara nyingi utaona ufa ukitoka konani na kupanda kwa mshazari. Hautokei pale kwa bahati. Mzigo wa ukuta umelizunguka dirisha na kusongamana konani, sawa na ilivyokuwa kwa Comet.

Chukua penseli, weka alama kwenye ncha zote mbili za ufa huo, na uandike tarehe. Pima na upana wake. Rudi baada ya wiki kadhaa. Ufa uliotulia ni habari moja. Ufa uliopita alama ni habari nyingine, na wahitaji mhandisi, si fundi wa rangi.

Zipo pia zile za kutokusubiriwa. Ufa kwenye nguzo au boriti, ufa unaopanuka kwa siku chache, ufa unaopenya hadi upande wa pili wa ukuta, sakafu inayobonyea, milango iliyokuwa ikifungwa vizuri na ghafla ikakataa, milio ya kukatika kwa zege usiku. Ukiona au kusikia hayo, toa watoto nje kwanza. Kisha ripoti kwa afisa wa ujenzi wa kaunti au kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Vitu vya nyumbani vitafuatwa baadaye, kama jengo litakubaliwa kuwa salama.

Kwa wenye magari na mitambo, ushauri ni huo huo. Fremu ya gari iliyopasuka na kuchomelewa juu juu hupasuka tena, mara nyingi kandokando ya pale ilipochomelewa, kwa sababu ncha ya ufa iliachwa ndani na joto likabadilisha tabia ya chuma kilicho jirani. Dereva anayejua kwamba fremu imechomelewa mara tatu mahali pamoja asisubiri mara ya nne akiwa na abiria mteremkoni.

Jambo gumu kuliko yote si kuuona ufa. Mpangaji huuona, lakini huogopa kufukuzwa na mwenye nyumba. Utingo huuona, lakini gari si lake. Mwanafunzi huuona kwenye ukuta wa bweni na kudhani kwamba wakubwa wameshauona. Yule abiria wa Hawaii pengine naye alidhani kwamba wenye ndege wanajua zaidi yake.

Leo jioni, kabla ya kulala, zungukia kona za madirisha yako na penseli mkononi. Ukipata ufa, tia alama na tarehe, na uwaonyeshe majirani wa chini na wa juu. Ufa unaojulikana na watu watano ni vigumu kufichwa kwa rangi.